Simu haitengenezi waya mbovu: majibu kwa maswali yenu ya taa za LED

Barua zimejaa tena, na karibu zote zinauliza rangi milioni 16 na programu za simu. Zinazouliza waya ni chache. Nimechagua zile ambazo jibu lake linaweza kumwokolea mtu pesa, nyumba au kidole.

Fundi, habari za kazi. Nina saluni hapa Busia. Nimebandika mkanda wa LED wa rangi, ule wa WS2812B wa volti 5, mita 10, taa 60 kila mita, kuzunguka dari yote. Pawa saplai ni ya ampea 10. Nikichagua rangi nyeupe, mwanzo unakuwa mweupe, katikati njano, mwisho mwekundu. Aliyenibandikia anasema mkanda ni feki. Ni kweli?

Si kweli, dada. Mkanda wako ni mzima, ila umeme haufiki mwisho.

Tufanye hesabu. Kila taa ya WS2812B ina vitaa vitatu ndani yake, chekundu, kijani na bluu, pamoja na chipu ndogo inayosoma amri. Vyote vitatu vikiwaka kwa nguvu kamili, taa moja hunywa takriban miliampea 60. Wewe una taa 600. Hiyo ni ampea 36, yaani wati 180, na umeiletea ampea 10. Halafu hizo 10 zenyewe unazipitisha upande mmoja tu, kwenye njia za shaba nyembamba kama karatasi. Volti zinapungua kila hatua. Bluu na kijani vinahitaji karibu volti 3 ili viwake, chekundu kinaridhika na kama 2. Volti zikishuka, bluu na kijani vinafifia kwanza na chekundu kinabaki peke yake. Huo wekundu unaouona mwisho wa dari ni kipimo cha volti zilizopotea njiani.

Watu wengi wamezoea volti 240 za ukutani, ambako volti moja ikipotea hakuna anayejua. Kwenye volti 5 mambo ni tofauti kabisa. Chukua waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba, urefu wa mita 5 kwenda na 5 kurudi, upitishe ampea 10. Utapoteza kama volti 1.2. Hiyo ni karibu robo ya umeme wako wote, imeishia kwenye kuupasha waya joto.

Dawa: weka pawa saplai ya ampea 40, au mbili za 20. Lisha mkanda kila baada ya mita 2.5, kwa waya mnene unaotoka moja kwa moja kwenye pawa saplai, na kila tawi liwe na fyuzi yake. Ukitumia pawa saplai mbili, unganisha hasi zao pamoja, lakini chanya zisigusane. Kata njia ya chanya kwenye mkanda pale sehemu mbili zinapokutana. Kama kontrola yako, kile kifaa kinachoziamrisha taa, ni ya chipu ya ESP32 yenye programu ya WLED, kuna mahali pa kuandika kikomo cha miliampea. Kiandike. Kontrola itapunguza mwanga yenyewe kabla ya pawa saplai kuzidiwa. Na kwa saluni yako ijayo nunua mkanda wa volti 24: wati zilezile 180 zitahitaji ampea 7.5 tu.

Sasa jambo ambalo hukuuliza. Pawa saplai ya ampea 10 inayoombwa 36 ikiwa ya maana itajizima. Ikiwa ya ovyo itachemka hadi iungue, na dari za saluni nyingi ninazoingia ni mbao au mikeka. Izime leo, usingoje wikendi. Pia kwaruza ncha ya waya wako kwa kisu. Mimi mwenyewe niliwahi kuuziwa rola nzima ya waya wa shaba, na nilipoukwaruza ndani ulikuwa mweupe: alumini iliyopakwa shaba juu. Waya wa namna hiyo una upinzani mkubwa kuliko shaba kwa zaidi ya nusu, na ukikunjwa mara chache unakatika ndani ya ganda bila wewe kuona. Niliurudisha wote, na tangu siku hiyo sinunui waya bila kuukwaruza mbele ya muuzaji.

Programu gani ya simu ni bora kwa taa za LED?

Barua kumi na moja mwezi huu, swali lilelile, na hakuna hata moja iliyosema taa ni za aina gani. Nunueni taa inayowaka vizuri kwa swichi ya ukutani bila intaneti; mkishaipata hiyo, programu itakayokuja nayo itawatosha.

Fundi, kanisani kwetu Mbale tulinunua taa nane zinazozunguka, na deski ya DMX. Siku za mazoezi zinatii. Jumapili zikianza kwaya zinatingishika zenyewe, zinabadilisha rangi, nyingine zinageukia waumini. Kijana wa mitambo anatumia nyaya za maikrofoni kwa kuwa plagi zinaingia. Wazee wanataka tununue deski kubwa zaidi. — Mchungaji

Mchungaji, asante kwa kuandika kabla ya kununua. Deski haina kosa. Sadaka ya watu isiende huko.

DMX512 ni itifaki ya mwaka 1986, yaani lugha ya deski kuziamrisha taa, na bado ndiyo lugha ya taa za majukwaa karibu yote duniani. Inapeleka biti 250,000 kila sekunde kwenye jozi ya waya. Waya wa maikrofoni ulitengenezwa kubeba sauti, na sauti haiendi kwa kasi hiyo. Plagi kuingia si ushahidi wa chochote. Waya wa DMX una kizuizi cha omu 120, na wa maikrofoni mara nyingi uko chini sana ya hapo. Ishara ikikutana na waya usioifaa, sehemu yake inarudi nyuma kama mwangwi bondeni na kugongana na ishara inayokuja. Taa inasoma mgongano huo kama amri. Siku za mazoezi mnawasha vitu vichache. Jumapili kuna vikuza sauti, jenereta pengine, nyaya za umeme zimelala juu ya nyaya za ishara, na kosa lililokuwa limejificha linatoka hadharani.

Fanyeni haya. Nunueni nyaya halisi za DMX. Pitisheni waya kutoka deski hadi taa ya kwanza, kutoka ya kwanza hadi ya pili, hivyo hivyo hadi ya nane, bila kugawanya njiani kwa kiungo cha Y. Kwenye tundu la kutokea la taa ya mwisho chomekeni plagi yenye rezista ya omu 120 kati ya pini 2 na 3. Kirezista hicho ni cha bei ya peremende, na ndicho nilichokikuta kimekosekana kwenye kumbi nyingi nilizoitwa kurekebisha. Kinameza ishara ikifika mwisho ili isirudi.

Kisha angalieni anwani. Laini moja ina chaneli 512. Kama kila taa yenu inatumia chaneli 16, ya kwanza ianze 1, ya pili 17, ya tatu 33, na kuendelea. Mbili zikipewa anwani moja zitafanya kitu kimoja. Zikipishana kidogo, moja itasoma rangi ya mwenzake kama amri ya kugeuka, na hicho huenda ndicho kinachozigeuza kuelekea nyuso za waumini. Mkizidi vifaa 32 kwenye laini moja, tafuteni kigawanyi chenye kutenganisha umeme.

Onyo moja zaidi, kwa sababu nimeanza kuona fataki za jukwaani kwenye harusi na kwanjula, sherehe za kutambulisha wachumba. DMX haina namna ya kuhakiki kama amri imefika ikiwa sahihi. Kiwango chenyewe kinakataza kuitumia peke yake mahali ambapo amri potofu inaweza kumdhuru mtu. Anayewasha moto au kushusha kitu kizito juu ya vichwa vya watu kwa chaneli ya DMX, bila kifungo tofauti cha usalama mkononi mwa mtu, anacheza na maisha ya wageni.

Balbu ya LED ya chumbani inabaki na mwanga hafifu hata nikizima. Inakula yuniti za Yaka, umeme wa kulipia kabla?

Kidogo sana. Usiogope yuniti, ogopa sababu. Inaweza kuwa swichi yenye kitaa kidogo cha kuonyesha, au nyaya mbili zilizolala sambamba zikiambukizana umeme kidogo. Hayo hayana madhara. Lakini inaweza pia kuwa fundi alikata nyutro (waya wa kurudisha umeme) kwenye swichi badala ya laivu (waya wa kuleta umeme). Hapo holda ina volti 240 hata ukizima, na siku utakapopanda kiti kubadilisha balbu ndipo utakapojua. Mwite fundi mwenye kibali cha ERA, mamlaka ya umeme, aje na kipima umeme.

Ssebo, nimeweka balbu za wifi nyumba nzima, Ntinda. Umeme ukikatika usiku na kurudi saa nane, balbu zote zinawaka kwa nguvu kamili na watoto wanaamka. Na mara nyingine asubuhi nakuta mbili zinapepesa na hazijulikani tena kwenye simu.

Matatizo mawili, na yote mawili yanatokana na watu waliobuni balbu wakidhani umeme haukatiki.

La kwanza lina tiba rahisi. Ndani ya programu ya balbu, tafuta mpangilio wa hali ya balbu umeme unaporudi. Chagua irudi ilivyokuwa kabla. Ikiwa balbu yako haina mpangilio huo, haifai nyumba yoyote ya Uganda, na usimshauri jirani ainunue.

La pili wengi hawalijui. Balbu nyingi za namna hii huunganishwa upya kwa kuwashwa na kuzimwa mara tatu au tano mfululizo. Umeme ukirudi kwa kusitasita, ukija, ukienda, ukija, balbu inadhani wewe ndiye umesimama kwenye swichi ukiiambia isahau kila kitu. Inatii. Hakuna programu itakayozuia hilo. Kinachozuia ni kuacha akili ukutani au kwenye sanduku la umeme badala ya ndani ya balbu: balbu ya kawaida ya LED, na swichi ya kidijitali au relei (swichi inayoendeshwa kwa amri ya umeme) nyuma yake. Balbu ikifa unabadilisha balbu tu. Swichi za aina hiyo nyingi zinahitaji nyutro ndani ya kisanduku cha ukutani, na nyumba zetu nyingi hazina, kwa hiyo fungua kisanduku uone kabla hujalipa.

Na usinunue kifaa ambacho amri yake lazima ivuke bahari hadi kwenye seva ya kampuni ndipo irudi kuwasha taa iliyo mita tatu kutoka ulipoketi. Kiwango cha Matter cha vifaa vya nyumbani, kilichotoka Oktoba 2022, kinataka kifaa kiamriwe ndani ya nyumba hata intaneti ikiwa imekatika, na Zigbee, mfumo mwingine usiotumia waya, imekuwa ikifanya hivyo tangu zamani. Kampuni ikifunga seva, taa yako ya Matter itaendelea kukusikia.

Hajati wa Bombo anauliza: nina kuku wa mayai 600. Mwanangu anataka kuniwekea LED zinazobadilisha rangi kwa simu ili watage zaidi. Nitoe pesa?

Hajati, pesa toa, lakini isiwe ya rangi na simu.

Kuku wa mayai hutaga kwa kufuata urefu wa mwanga. Anahitaji saa 14 hadi 16 kwa siku. Sisi tulio karibu na ikweta tuna kama saa 12 za mchana mwaka mzima, kwa hiyo mfugaji wa huku anadaiwa saa mbili hadi nne kila siku, Januari hadi Desemba. Hapo ndipo LED inayodhibitiwa inapolipa. Kuku wachanga wakikaribia kutaga, ongeza mwanga polepole, nusu saa kwa wiki, hadi ufikie kiwango. Kuku akishaanza kutaga, urefu huo usipungue hata siku moja. Mwanga ukipungua mwili wake unaelewa kuwa msimu umekwisha.

Ndiyo maana nasema akili ya taa za kuku ni saa, na saa hiyo iwe na betri yake. Kuna kipande kidogo kiitwacho DS3231 ambacho huhesabu muda kwa betri ya kitufe hata umeme ukiondoka wiki nzima. Mwambie kijana ajenge kontrola juu ya hicho, na taa ziwe za volti 12 zenye betri na sola. Akikuwekea saa inayoanza sifuri kila umeme unaporudi, kuku wako watapata usiku wenye urefu wa saa nane leo na wa saa kumi na mbili kesho, na mayai yatashuka huku ukilaumu chakula.

Muulize pia anapunguzaje mwanga. Jicho la kuku linaona kupepesa kwa kasi ambayo letu halioni. Dima ya bei rahisi huwasha na kuzima LED kwa kasi isiyotosha, wewe unaona mwanga mtulivu na kuku anaona disko. Aweke masafa juu, hertzi elfu kadhaa, au draiva (kifaa kinacholisha LED umeme) inayopunguza mkondo wenyewe.

Rangi? Mwanga wa joto wenye wekundu ndani yake, wa kelvini 2,700 au 3,000, unatosha, kwa kuwa mwanga mwekundu hupenya fuvu la kuku na kufika kwenye sehemu ya ubongo inayoamsha utagaji. Saa za nyongeza ziweke nyingi alfajiri. Za jioni zikiwepo, taa zififie kwa dakika 20 au 30 badala ya kuzimika ghafla, ili kuku wapande kwenye fito zao za kulalia kabla ya giza. Hapa dima ya kidijitali inafanya kazi ambayo swichi haiwezi. Chagua taa za IP65, zilizozibwa vumbi na maji, kwa sababu vumbi na amonia ya bandani vitakula kiungo chochote kilicho wazi.

Tunajenga ofisi za ghorofa tatu Arua. Mkandarasi anapendekeza taa zisizotumia waya wa udhibiti. Mhandisi anataka DALI. Nani sahihi?

Jengo jipya, kuta bado wazi: DALI, mfumo wa kuamrisha taa za jengo kwa waya. Nyaya mbili tu, hazijali chanya na hasi, laini moja inabeba vifaa 64 hadi mita 300, na kuna makundi 16 na mandhari 16 (mipangilio ya mwanga iliyohifadhiwa) za kupanga. Inakwenda biti 1,200 kwa sekunde, polepole sana ukilinganisha na DMX, na ofisi haihitaji zaidi. Mbinu zisizo na waya ni nzuri kwa jengo ambalo limeshamalizika na hutaki kulichimba tena.

Mambo mawili mkandarasi asikufiche. Nyaya za DALI zina volti kama 16, na kwa hiyo mafundi huzishika kama za simu. Hazijatengwa na umeme mkubwa kwa kiwango cha kuguswa; zichukuliwe kama nyaya za volti 240. La pili, usilipe awamu ya mwisho mpaka ukabidhiwe faili ya mipangilio, nenosiri, na mchoro unaoonyesha kila anwani iko chumba gani. Nimepanda ngazi kwenye majengo ambayo aliyeweka taa alihama na nenosiri lake, na mwenye nyumba akalazimika kulipa kazi nzima mara ya pili.

Nikiwasha taa 40 za LED dukani breka inaruka, ingawa zote pamoja hazifiki wati 800. Breka imeharibika?

Hapana. Kila draiva ina kapasita inayojaa ghafla unapowasha, na kwa sehemu ndogo ya sekunde hunywa mara kumi au zaidi ya mkondo wake wa kawaida. Arobaini zikifanya hivyo pamoja, breka inaona shoti. Zigawe kwenye njia mbili au tatu, au tumia breka ya aina ya C baada ya fundi kuthibitisha waya unaifaa. Relei ndogo ya kidijitali ukiiweka hapo bila kugawa, midomo yake itaungana na taa hazitazimika tena.

Mzee, sisi tuna karakana Katwe. Tumeweka LED mpya zenye dima juu ya mashine ya kukereza vyuma. Jana kijana aliona chaki ya mashine, ile inayoshika chuma, imesimama, akanyoosha mkono, kumbe inazunguka. Amepona. Macho yake yana shida?

Macho yake ni mazima. Mshukuruni Mungu, kisha zimeni hizo taa.

Umeme wetu ni hertzi 50, na LED ya bei nafuu isiyo na kapasita ya maana hupepesa mara 100 kwa sekunde. Mashine ikizunguka mara 1,500 kwa dakika, hiyo ni mara 25 kwa sekunde. Taa inamulika mara nne katika kila mzunguko, na chaki yenye meno manne inakuwa imefika mahali palepale kila inapomulikwa. Jicho linaona chuma kilichosimama. Sauti ya karakana inaficha kilichobaki.

Mwongozo wa IEEE 1789 wa mwaka 2015 unashauri kwamba taa ikipepesa mara 100 kwa sekunde, mwanga wake usipande na kushuka kwa zaidi ya asilimia 8 ili hatari iwe ndogo. Taa nyingi za sokoni huzidi mbali, na dima ikiongezwa juu hali inaharibika zaidi. Jipimeni hivi: mashine ikiwa imezimwa, elekezeni kamera ya simu kwenye taa. Mkiona mistari myeusi inatembea, taa hiyo haifai karibu na kitu kinachozunguka. Kamera zingine huficha mistari hiyo, kwa hiyo pungeni pia kalamu haraka chini ya taa. Ikionekana vipande vipande, jibu ni lilelile.

Wekeni taa zenye draiva ya mkondo mtulivu, zisizo na dima. Kama dima ni lazima, iwe inayofanya kazi juu ya hertzi 3,000. Leo kabla ya kupata hizo, fungeni balbu ya zamani ya nyuzi juu ya kila mashine. Nyuzi zake hazipoi haraka kiasi cha kuzimika kati ya mapigo ya umeme, hivyo kupepesa kwake ni kudogo ukilinganisha na hizo LED. Na huyo kijana mwelezeni alichokiona ni nini hasa, ili kesho asishike chaki kwa kuamini macho, hata chini ya taa mpya.